Hisa za 7-Eleven na Mzigo wa Deni

Maduka madogo yanayofunguliwa kwa saa nyingi kuliko mengine yalichipuka mjini Dallas, Marekani, mwaka 1927, pale kampuni ya barafu ya Southland ilipoanza kuuza maziwa, mikate na mayai penye vituo vyake vya barafu, ili kuwahudumia wateja waliokuta maduka ya kawaida yamefungwa. Mwaka 1946 yakaitwa 7-Eleven, kwa kuwa yalihudumu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano usiku.

Mwekezaji alivutwa na jambo moja la msingi: mnunuzi mwenye haraka hukubali bei iliyozidi kidogo ile ya duka kubwa. Tangu mwaka 1964 kampuni iliwapa pia watu binafsi haki ya kuendesha maduka chini ya jina lake, wakagawana nayo faida ghafi, yaani kinachobaki katika mauzo baada ya kuondoa gharama ya bidhaa. Huo ulikuwa mpango mzuri kwelikweli, na kwa miaka mingi ulistahili imani ya wanahisa.

Pigo lilitoka kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni. Mwaka 1987 ndugu watatu wa familia ya Thompson, wakihofia kampuni kunyakuliwa na mtu wa nje, walinunua hisa za umma kwa fedha za kukopa, na soko la hisa lilipoporomoka Oktoba ya mwaka huohuo, hati fungani za kugharimia ununuzi huo, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, zikalazimika kuahidi riba kubwa zaidi. Maduka yaliendelea kuuza, ila mapato yake yalimezwa na riba, hata mwaka 1990 Southland ikaomba mahakama iikinge dhidi ya wadai. Aliyepima hisa hiyo kwa wingi wa maduka, asiulize faida inatosha kulipa riba mara ngapi, alipima kivuli.

Waliookoa kampuni walikuwa wanafunzi wake. Japani, ambako duka la kwanza la 7-Eleven lilifunguliwa Tokyo mwaka 1974, wasimamizi walifuatilia mauzo ya kila bidhaa katika kila duka, wakaagiza kilichohitajika tu. Mwaka 1991 kampuni ya Kijapani ya Ito-Yokado na tawi lake la 7-Eleven zililipa dola milioni 430 kwa takriban asilimia 70 ya Southland. Mwaka 2005 Wajapani walichukua hisa zilizosalia, na tangu hapo anayetaka kuwekeza katika 7-Eleven hununua hisa za kampuni mama, Seven & i Holdings katika Soko la Hisa la Tokyo.