Uchache wa Mbegu za Kiume: Maelezo kwa Wanandoa Wakatoliki

Katika vigango vya kando ya mto Ruvuma, kuanzia Kitaya hadi kuukaribia mlango wa bahari, anayetujia kuomba sala ya kupata mtoto karibu kila mara ni mwanamke, naye huja peke yake. Amekwisha kupimwa, amekunywa dawa za mizizi, na pengine wajomba wamekwisha kuulizana kama ndoa hiyo iendelee. Tukimwuliza iwapo mume naye amepimwa, hutazama chini. Lakini katika takriban nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, upande wa mwanamume nao una sehemu yake.

Waganga husema kuna tatizo la uzazi pale mume na mke wanapokutana kwa kawaida kwa miezi 12 na mimba isitungwe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 hupatwa na hali hiyo maishani. Kwa mwanamume, kipimo cha kwanza ni cha manii. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2021 unataja kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 katika mililita moja. Zikipungua hapo huitwa chache, lakini chache si sifuri: wapo wanaume wengi wenye mbegu chache ambao ni baba. Daktari hutazama pia mwendo na umbo la mbegu, na jibu likiwa baya kipimo hurudiwa.

Watu wengi huchanganya uchache wa mbegu na upungufu wa nguvu za kiume. Mwanamume aweza kuwa na nguvu kamili na mbegu zikawa chache, au zisiwepo kabisa. Sheria ya Kanisa nayo hutofautisha mambo hayo. Kanuni ya 1084 inasema kuwa kutoweza tendo la ndoa, kukitangulia ndoa na kuwa kwa kudumu, huibatilisha. Bali utasa hauizuii wala hauibatilishi. Hata hivyo, anayejua hali yake na kumficha mchumba kwa hila ili akubaliwe, ajue kwamba kanuni ya 1098 inamhusu.

Visababishi ni vingi: kuvimba kwa mishipa ya damu ya korodani, kisonono na klamidia zisizotibiwa, matumbwitumbwi yaliyompata mtu baada ya balehe, sigara, na ulevi wa gongo, iwe ya mabibo au nyingine. Pwani yetu imeishi na mabusha kwa vizazi. Busha lililoachwa miaka mingi huweza kuidhuru korodani, na upasuaji wake upo. Baadhi ya viuatilifu vimehusishwa na kupungua kwa mbegu, hivyo anayepulizia mikorosho avae barakoa na glavu. Tunasisitiza jambo moja: sindano za homoni ya kiume, ambazo wengine huzitafuta ili kuongeza nguvu, huzima utengenezaji wa mbegu. Na dawa za barabarani, ambazo hata muuzaji hajui kilichomo, tusizinywe.

Mbegu huchukua miezi kama miwili na nusu kukomaa. Kwa sababu hiyo homa kali ya malaria ya mwezi uliopita yaweza kushusha hesabu ya leo, na aliyeacha sigara asitegemee badiliko kabla ya miezi mitatu.

Waamini hutuuliza kwa haya namna ya kutoa manii. Kanisa halikubali yapatikane kwa kujichua. Njia inayokubalika ni kuyapata katika tendo la ndoa lenyewe, kwa mfuko maalumu usio na dawa ya kuua mbegu, uliotobolewa kidogo ili tendo libaki wazi kwa uhai. Kondomu ya kawaida haifai, kwani huharibu mbegu. Kabla ya hapo wanandoa hujizuia siku 2 hadi 7. Manii yanapaswa kufika maabara ndani ya saa moja, yakiwa na joto la mwili. Basi wa Kitaya hawawezi kuyaleta kutoka nyumbani. Wapange kulala karibu na hospitali, iwe Ligula mjini Mtwara au kwa Wabenediktini kule Ndanda, baada ya kumwuliza daktari kama kipimo kinafanyika hapo.

Maambukizi hutibiwa, mishipa hupasuliwa, na homoni zilizopungua huweza kurekebishwa. Mbegu zikiwa chache, kuzijua siku za rutuba kwa kuangalia ute, kama njia ya Billings inavyofundisha, huongeza nafasi. Mbegu za mwanamume mwingine, na mimba ya maabara hata kwa mbegu za mume, Kanisa halizikubali. Sababu zimeelezwa katika hati Donum Vitae ya mwaka 1987. Na lile shauri la kunong'ona, kwamba mume “ajaribu nje” ili ajulikane, ni uzinzi tu, tena halipimi kitu.

Wanaotaka kuasili mtoto waanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 amri hutolewa na Mahakama Kuu. Huku kwetu, ambako Wamakonde huhesabu ukoo kwa mama, ni vema wajomba wa mke washirikishwe mapema, na mume awepo wanapoambiwa.