Jangwa Halikuwa Tupu

"Baba, mbona hapa hakuna kitu?"

Binti yangu wa miaka 7 aliuliza hivyo kabla hatujafika hata langoni. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Machi, mjini Phoenix, Arizona, nasi tulikuwa tumewaleta watoto kwenye Desert Botanical Garden, bustani ya mimea ya jangwani. Sikuweza kumlaumu. Maneno hayo aliyapata kwangu. Tangu tuhamie huku, kila mama yangu anapouliza kwa simu kutoka Morogoro kwamba tunaishi mahali pa namna gani, jibu langu ni lilelile: jangwa tupu, hakuna kitu.

Ndani tulisimama chini ya saguaro, mdungusi mrefu kuliko nyumba tunayopanga. Pembeni, chini ya mti uitwao palo verde, kulikuwa na mwingine mdogo ambao karibu tuupite bila kuuona. Saguaro mchanga huhitaji mlezi. Mti mkubwa huukinga na jua la mchana na baridi ya usiku. Katika miaka 8 ya kwanza huenda usizidi sentimita 4, na kutoa mkono wa kwanza huweza kuchukua miaka 50 au zaidi.

"Kwa hiyo huyu mwenye mikono ni bibi," akasema kaka yake.

Bibi hao walikuwa na hati ya kuwalinda. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson alitangaza eneo hili kuwa hifadhi ya taifa, kwa ajili ya saguaro na mimea mingine ya jangwani. Lakini hati hailindi mti kama hakuna anayeuthamini. Mimea iliharibiwa, na mwaka 1930 Bunge la Marekani likaifuta hifadhi hiyo.

Miaka ya 1930 Gustaf Starck, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, alitundika kibao kilichowataka watu waokoe jangwa, chenye mshale ulioelekea nyumbani kwake. Wenye moyo kama wake wakamfuata. Miongoni mwao alikuwa Gertrude Divine Webster, aliyetoa fedha na nguvu zake. Mwaka 1939 bustani ikafunguliwa, ndani ya eneo lilelile ambalo serikali ilikuwa imeacha kulihifadhi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ningewadanganya watoto. Eneo hili huitwa Papago Park, na Papago ni jina ambalo watu wa jangwa hili walipewa na wengine. Mwaka 1986 taifa lao lililiacha rasmi. Wao hujiita Tohono O'odham, yaani watu wa jangwa. Matunda ya saguaro yakiiva, kuanzia mwezi Juni, huyaangua kwa upondo mrefu uliotengenezwa kwa mbavu za saguaro uliokauka. Hupika asali yake, na nyingine huiacha ichachuke iwe kileo cha ibada ya kuomba mvua. Mwaka wao mpya huanzia hapo. Kwao, hapa hapajawahi kuwa mahali pasipo kitu. Waliosema hakuna kitu ni wageni, nami nilikuwa nimejiunga nao.

Karibu na njia ya kutokea mke wangu alicheka ghafla. "Mshubiri!" Akawasimulia watoto jinsi mama yake alivyompaka mdogo wake shubiri ili kumwachisha ziwa, na jinsi mtoto alivyolia siku nzima. Binti yangu aligusa jani lile kwa kidole, akakilamba kidole, akakunja uso.

Jioni nilipiga simu Morogoro. Mama akauliza tumeshindaje. Kabla sijajibu, binti yangu alininyang'anya simu.

"Shikamoo bibi! Huku kwetu kuna mti unalea mti mwenzake."

Nilimwachia simu.