Ahadi ni ya Nani? Hoja Kuhusu Kujaribu Mfumo Endeshi Huria Mwingine

Tarehe 8 Desemba 2020 wasimamizi wa seva katika nchi nyingi walipata habari ambazo hawakuzitarajia. CentOS Linux 8, mfumo endeshi huria uliotolewa Septemba 2019 na ambao watumiaji walijua utatunzwa hadi 2029, ungefikia kikomo mwishoni mwa 2021. Toleo la 7, lililokuwa kongwe zaidi, liliachwa liendelee hadi Juni 2024. Walioumia zaidi basi ni wenye bidii: waliohamia toleo jipya mapema, kama kila mwongozo mzuri unavyoagiza, walibakiwa na mwaka mmoja tu, na waliochelewa wakapata zaidi ya mitatu. Msimbo wa mfumo ule ulikuwa wazi jana yake na ulibaki wazi kesho yake. Kilichobadilika ni uamuzi wa kampuni ya Red Hat, iliyokuwa ikiufadhili mradi huo tangu 2014, kwamba nguvu zake sasa zielekezwe kwenye CentOS Stream, mfumo mwingine wa mradi huohuo.

Tukio hilo linafichua jambo ambalo mijadala yetu kuhusu programu huria hulipita haraka. Tumezoea kuuliza kama msimbo uko wazi. Tukijibiwa kuwa ndiyo, tunaliona suala la uhuru limekwisha, na yanayobaki ni mambo ya ladha: sura ya skrini, wepesi wa kuwaka, wingi wa programu. Nadhani hapo ndipo tunapokosea. Anayefikiria kuuacha mfumo huria mmoja na kujaribu mwingine aulize kwanza nani ameahidi kuutunza, kwa muda gani, na ahadi hiyo inaweza kutenguliwa na nani.

Mambo ya ladha yana uzito mdogo kwa sababu moja rahisi: sehemu kubwa ya mifumo hii ni ileile. Debian, Fedora na Ubuntu zote zinatumia kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux. Zote zinaweza kukupa mazingira ya GNOME au KDE, LibreOffice kwa ajili ya barua na hesabu, na Firefox kwa ajili ya intaneti. Mtu akiketi mbele ya kompyuta tatu zilizowekwa mifumo hiyo, huenda ikamchukua muda kujua ipi ni ipi. Tofauti iko kwenye mwendo wa masasisho na kwenye utawala. Fedora hutoa toleo takriban kila miezi sita, na kila toleo hutunzwa kwa karibu miezi kumi na mitatu. Ubuntu ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, ikiwa na miaka mitano ya viraka vya usalama, na nyuma yake ipo kampuni ya Canonical. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, haina kampuni mmiliki. Inaongozwa na watu wanaojitolea, ambao humchagua kiongozi wao kwa kura kila mwaka na wana mkataba wa kijamii uliopitishwa mwaka 1997. Arch haina matoleo kabisa. Masasisho humiminika siku zote. FreeBSD nayo si Linux hata kidogo. Imetokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kerneli pamoja na zana zake za msingi hutengenezwa na mradi mmoja, jambo linaloupa mfumo huo mpangilio ambao wahandisi wengi wa mitandao wanausifu kwa haki. Lakini kwenye kompyuta mpakato kifaa chake cha waifai huenda kisitambuliwe, au kitambuliwe kwa kasi ndogo.

Mwendo wa masasisho unaweza kuonekana jambo la mafundi peke yao. Machi 2024 ulionyesha sivyo. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa njia ya ssh kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, zana ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameshaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Debian iliyotulia haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa bado na toleo la zamani. Ukongwe huohuo unaofanya vijana wengi wa kompyuta waidharau Debian ndio uliowakinga watumiaji wake. Sisemi kwamba mwendo wa polepole ni bora siku zote. Mwenye kifaa kilichotoka mwaka huu anaweza kuhitaji kerneli ya mwaka huu. Ninachosema ni kwamba anayehama Debian kwenda Arch anachagua kuwa miongoni mwa wa kwanza kupokea kila kitu, kizuri na kibaya, na yafaa achague huku akijua.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito: mfumo usiokusumbua uuache. Kujaribu kuna gharama. Faili la kuweka Ubuntu ya mezani limepita gigabaiti tano, na kwa anayenunua bando kwa siku hiyo si gharama ya kupuuza. Kuna jioni za kutafuta kwa nini printa imenyamaza. Kuna hatari ya kufuta picha na tasnifu kwa kuchagua diski isiyo yake. Tena tukubali kwamba majaribio mengi huzaliwa na uchovu wa kuona skrini ileile, na mtu anarudi alikotoka baada ya wiki moja bila kujifunza lolote. Hoja hii ninaikubali karibu yote. Ninapoachana nayo ni pale inapochukulia kwamba utulivu wa leo ni mali ya mtumiaji. Watumiaji wa CentOS 8 nao walikuwa wametulia. Aliyekwisha kuonja mfumo wa pili alihitaji siku chache kuhamia Debian, au AlmaLinux na Rocky Linux zilizoundwa kuchukua nafasi ya CentOS. Aliyekuwa hajui njia nyingine alianza kujifunza siku ileile aliyotakiwa kuwa amemaliza.

Kwa hiyo kujaribu na kuhama ni maamuzi mawili, na kuyachanganya ndiko kunakowatisha wengi. Taasisi mbili za Ulaya zinatufundisha hapa. Jiji la Munich liliamua mwaka 2003 kuachana na Windows, na kufikia 2013 karibu kompyuta 15,000 za watumishi wake zilikuwa zikitumia LiMux, mfumo wa jiji lenyewe. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Wengi wamelitumia tukio hilo kama ushahidi kwamba Linux haifai ofisini. Mimi nalisoma vingine. Washauri walioajiriwa na jiji wenyewe walionyesha kwamba kasoro kubwa zilikuwa katika mpangilio wa idara za kompyuta, zilizotawanyika na kuvutana. Hati zilizobadilishanwa na ofisi za nje ziliendelea kuwa mzigo pia. Jandarmeri ya Ufaransa, jeshi la polisi la nchi hiyo, ilipita njia nyingine. Ilianza na OpenOffice mwaka 2005, ikaleta Firefox na Thunderbird mwaka uliofuata, yote hayo juu ya Windows. Mfumo endeshi wenyewe, Ubuntu, ulianza kuwekwa 2008. Askari aliyefunguliwa kompyuta mpya alikuta programu alizokwisha kuzizoea, na mfumo huo umedumu kwenye makumi ya maelfu ya mashine hadi leo.

Mtu binafsi anaweza kufuata utaratibu huohuo. Kwanza programu, kisha mfumo. Kama bado unategemea programu moja isiyopatikana kwenye mfumo unaoufikiria, tafuta mbadala wake ukiwa bado ulipo. Ukikosa, jibu umeshalipata bila kugusa diski. Baada ya hapo washa mfumo mpya kutoka kwenye flashi bila kuuweka, uangalie waifai, sauti, printa, na kama kompyuta inalala na kuamka vizuri. Mashine pepe haitakujibu maswali hayo kwa sababu haigusi vifaa vyako halisi. Nakala ya mafaili yako iwe kwenye diski ya nje kabla ya yote, na uwe umejaribu kuifungua. Na jaribio liwe na swali. “Je, kompyuta hii ya zamani itapata viraka vya usalama kwa miaka mitatu ijayo?” ni swali linaloweza kujibiwa, na tangu Windows 10 iishiwe msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wenye mashine zisizokubali Windows 11 wana sababu halali ya kuliuliza. “Mfumo upi ni bora?” halina mwisho.

Kwa wanaotumia Kiswahili kuna kipimo kingine, na nasikitika kwamba ni nadra kukiona kikitajwa. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun Microsystems, iliyokuwa mlezi wa OpenOffice, na wachangiaji wengi wakajitenga kuunda LibreOffice. Leseni iliruhusu kazi ya watafsiri ichukuliwe na kuendelezwa huko. Lakini leseni haiendelezi kitu. Watu ndio wanaoendeleza, na hadi leo tafsiri ya Kiswahili katika GNOME na KDE haijakamilika. Ndiyo maana kabla ya kuchagua mfumo wa kujaribu ningependa msomaji afungue ukurasa wa tafsiri wa mradi husika, atazame Kiswahili kimefikia wapi, tafsiri ya mwisho iliingizwa lini, na sentensi mpya akiituma nani ataipokea.