Jazi ya Sebuleni

Historia ya jazi imezoeleka kuandikwa kwa majina ya kumbi: Savoy na Cotton Club za Harlem, Birdland, Village Vanguard. Si uongo, lakini ni nusu ya habari. Wengi walioupenda muziki huu hawakuwahi kuvuka vizingiti vya kumbi hizo, na baadhi yao walizuiwa mlangoni. Cotton Club, ambako Duke Ellington alianza kupiga mwaka 1927, ilikuwa Harlem kwenyewe, wapigaji wake wakiwa weusi na wateja wake weupe. Mkaazi mweusi wa mtaa uleule aliyetaka kumsikia Ellington alibaki na redio, santuri, au jirani mwenye piano.

Huyo jirani mwenye piano si wa kupuuzwa. Katika miaka ya 1920 wenye nyumba wa Harlem waliwatoza wapangaji weusi kodi kubwa kuliko ile ya mitaa ya weupe. Mpangaji aliyekabiliwa na tishio la kufukuzwa alisogeza viti ukutani, akapika, akamwita mpiga piano na kutoza kiingilio. Karamu hizi za kodi ndizo zilizowalea James P. Johnson, Willie “The Lion” Smith na Fats Waller, na mtindo wao, straidi, una alama zote za chumba kidogo. Mkono wa kushoto huruka huku na huko kati ya noti nzito ya chini na fungu la noti za kati. Wa kulia hucheza juu yake utakavyo. Bendi nzima huwa imo katika vidole kumi, pale ambapo tarumbeta tatu zisingeenea. Ellington mwenyewe, akiwa kijana mjini Washington, alijifunza “Carolina Shout” ya Johnson kutoka kwenye piano ya kujipiga yenyewe: aliipunguza mwendo, akatazama vibao vinavyozama, akaweka vidole vyake papo hapo.

Santuri za kwanza zilikuwa na ubahili wake. Upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu, na sura ya jazi ya zamani, ambamo mpigaji hupewa nafasi fupi kisha hupokwa, imefinyangwa kwa sehemu na kipimo hicho. Ellington aliporekodi “Diminuendo and Crescendo in Blue” mwaka 1937, ilimbidi aukate utungo huo vipande viwili, kimoja kila upande. Msikilizaji aliinuka katikati kuigeuza santuri. Ahueni ilikuja mwaka 1948, Columbia ilipotoa LP yenye dakika zaidi ya 20 kwa upande.

Hapo ndipo sebule ilipolipa kisasi. Huko Hackensack, New Jersey, Rudy Van Gelder, ambaye mchana alikuwa mpimaji wa macho, aliigeuza sebule ya wazazi wake kuwa studio, na dirisha la kioo likaitenganisha na chumba cha mitambo. Kampuni za Blue Note na Prestige zilimpelekea wapigaji wao. Humo Sonny Rollins alirekodi “Saxophone Colossus” mwezi Juni 1956, na Thelonious Monk aliuita utungo wake mmoja kwa jina la mji huo. Ni jazi ya miaka hiyo, yenye harufu ya bluzi na ya nyimbo za kanisani, ninayoipenda kuliko zote. Nadhani inakaa vizuri nyumbani usiku, sauti ikiwa chini, kwa sababu ilitoka nyumbani. Jirani wa ghorofani naye hajalalamika.

Kwetu neno lenyewe lilishika njia nyingine. Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944, na Western Jazz zilipiga dansi iliyolelewa na rumba, na santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilikuwa na mkono katika malezi hayo. Jina lilivuka bahari bila muziki wake, na sioni sababu ya kulisikitikia hilo.

Lakini je, santuri ni shahidi wa kuaminika? Mwezi Julai 1956, kwenye tamasha la Newport, Ellington aliupiga tena utungo ule wa 1937, na Paul Gonsalves akaviunganisha vipande viwili kwa saksafoni, mizunguko 27 mfululizo, hadhira ikisimama na kucheza. LP yake ilipendwa mno. Hata hivyo sehemu kubwa yake ilirekodiwa upya studioni, na shangwe zikapachikwa baadaye. Mizunguko 27 ilikuwa ya kweli, ila ilisikika kwa mbali, kwani Gonsalves hakuielekea maikrofoni ya Columbia. Aliielekea ya Sauti ya Amerika, redio ambayo tangu 1955 ilimrushia Willis Conover na jazi yake kwenye masafa mafupi, hadi kwenye nyumba zisizo na santuri hata moja. Kwa zaidi ya miaka 40 wapenzi waliisikiliza LP hiyo wakidhani wamo Newport.

Mkanda wa redio ulipopatikana, katika miaka ya 1990, ulioanishwa na ule wa Columbia, na toleo la 1999 likatoka kwa stereo: sikio moja linapokea maikrofoni ya kampuni, la pili maikrofoni ya redio, na Gonsalves hatimaye yuko karibu.