Mapumziko ya Shule na Historia ya Kiswahili Nchini Kenya

Historia ya Kiswahili katika shule za Kenya imezoea kuandikwa kwa kufuata ripoti za tume. Hutajwa Tume ya Ominde ya 1964, iliyopendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kisha Tume ya Gachathi ya 1976, iliyotaka Kiswahili kiwe somo la lazima. Na hatimaye mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985 na kukitahini. Habari hizo ni za kweli, lakini zote zahusu darasa. Yaliyotendeka uwanjani baada ya kengele ya mapumziko hayajapewa nafasi yanayostahili.

Yafaa ikumbukwe kwamba uwanja nao ulikuwa na sheria yake ya lugha. Katika shule nyingi, mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama, na pengine hata Kiswahili, alikabidhiwa kibao au kifungo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha 1986: aliyekuwa na kifungo alimpa mwenzake aliyekosa vivyo hivyo, na jioni mlolongo mzima ulifichuliwa. Ukichunguzwa, utaratibu huo wafanana mno na mchezo wa kukimbizana, ambamo aliyeguswa hutafuta wa kumgusa. Tofauti ni kwamba mchezo huishia kwa kicheko, ilhali kibao kiliishia kwa kiboko. Kanuni ya mchezo wa watoto ilitwaliwa ikafanywa chombo cha kupelelezana.

Hata hivyo michezo haikunyamazishwa. Katika mchezo wa kati, wawili husimama pande mbili wakirusha mpira wa matambara au wa makaratasi, na walio baina yao huukwepa. Jina hilo la Kiswahili latumika hata mahali ambapo Kiswahili si lugha ya nyumbani. Katika blada, wasichana huruka ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, ukipandishwa kutoka vifundo vya miguu hadi magotini na kiunoni. Jina limetoholewa kutoka Kiingereza, likatiwa irabu ya mwisho kama Kiswahili kidaivyo, na hakuna mwalimu aliyeamuru hivyo. Gololi ya kamusi huitwa bano. Kujificha na kutafutana huitwa brikicho.

Sababu ya nguvu hii yapatikana katika ubishi. Hakuna mchezo usio na ubishi: nani ameguswa, nani amekanyaga mpira, zamu ni ya nani. Hukumu hutakiwa papo hapo, kwa lugha ambayo wote waimudu, na mtoto wa darasa la pili hakuweza kujitetea kwa Kiingereza cha ubaoni. Katika shule za mijini, ambako watoto walitoka katika jamii mbalimbali, lugha ya mama ya mmoja haikumfaa mwenzake. Kiswahili ndicho kilichoamua. Kabla hakijawa somo la lazima, kilikuwa tayari lugha ya haki miongoni mwa watoto.

Baadhi ya waliocheza chini ya sheria ya kibao sasa ni wazee. Majina ya michezo yao, istilahi za makosa na maneno ya kuombea zamu ni ushahidi wa historia ambao haumo katika ripoti ya tume yoyote. Usipokusanywa sasa kutoka vinywani mwao, itabaki historia ya waliotunga sheria za lugha, bila ya wale waliozivunja kila siku saa nne za asubuhi.