Chambua na chagua

chambua *kt* Kuondoa kisichotakiwa ndani ya fungu moja. *Mbinga, wakulima huchambua kahawa: matunda mabichi hutolewa miongoni mwa mekundu kabla ya kumenywa. Huko Mbamba Bay, usipa huchambuliwa kabla ya kuanikwa.* Anayechagua hulikubali au hulikataa fungu zima.

Wafasiri wa programu za kudhibiti matoleo wanaweza kuvichanganya vitenzi hivi. Katika Git, amri ya `git add -p` huonyesha mabadiliko fungu baada ya fungu. Kujibu `y` au `n` ni kuchagua. Kujibu `e` ni kuchambua. Mtumiaji hulifungua fungu, akafuta mstari unaoanza kwa alama ya kujumlisha, au akabadilisha alama ya kutoa kuwa nafasi tupu, ili badiliko hilo lisiingie katika toleo linaloandaliwa. Faili analofanyia kazi haliguswi. Kwa hiyo tafsiri ya “hariri faili” inapotosha, na mwanafunzi anaweza kuogopa kupoteza kazi ya siku nzima. Iandikwe *chambua fungu*; *hariri* libaki kwa faili lenyewe.