Uso Hausuguliwi

Katika mambo ya utamaduni wetu yaliyosahauliwa na waandishi, kuosha uso ni mojawapo. Tumeandika juu ya ngoma, mashairi na milango ya kuchonga, lakini hatukuona haja ya kuueleza ujuzi ambao bibi zetu waliutumia kila siku. Jambo hili laonekana dogo. Lakini katika historia yake mna funzo la afya, na pia la heshima ya mtu.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki msingi wa ujuzi huo ulikuwa maji. Mwislamu atawadhapo huuosha uso kwa maji matupu, mara moja hadi tatu, pasipo kuusugua kwa nguvu. Juu ya msingi huo wanawake wa Unguja, Pemba na miji ya pwani waliongeza liwa, yaani mti wa harufu nzuri uliosagwa juu ya jiwe kwa maji au marashi ya mawaridi. Liwa ilipakwa usoni, ikaachwa ikauke, kisha ikaoshwa. Ilisifiwa kwa kuupoza uso na kuupunguzia mafuta. Ndiyo maana wasichana wenye chunusi waliagizwa kuitumia. Wenye ngozi kavu walipewa mafuta ya nazi au ya ufuta, kidogo tu, ngozi ingali na unyevu. Ama singo, mchanganyiko wa maua ya asumini, mlangilangi na mawaridi yaliyotwangwa pamoja na viungo, ilikuwa hasa ya kumsinga bibi harusi mwilini. Sisi tuliokua katika nyumba hizo twamkumbuka somo akionya kwamba singo yenye karafuu isifike usoni, kwani karafuu huchoma, na uso hausuguliwi kama sufuria.

Elimu ya leo yamuunga mkono somo. Ngozi ina uchachu kidogo unaoilinda, na sabuni kali, kama ile ya mche tufuliayo nguo, huuharibu. Ngozi kavu hupauka na kupasuka. Yenye mafuta, ikioshwa kupita kiasi, huwashwa. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato na mikono safi, mara mbili kwa siku, vyawatosha walio wengi. Wala si kila cha kale chafaa: mafuta ya nazi huweza kuzidisha chunusi.

Lakini madukani ziliingia sabuni na krimu zilizoahidi weupe. Nyingine zilikuwa na zebaki, ambayo huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha hupenya mwilini na kuharibu mafigo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 wa mafigo, wakaonyesha uhusiano wa maradhi hayo na krimu za kujichubua. Jumuiya ya Ulaya ilizuia zebaki katika vipodozi vya ngozi mwaka 1976, lakini baadhi ya viwanda vya huko viliendelea kutengeneza sabuni hizo ili ziuzwe Afrika.

Kwetu Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwezi Oktoba 1968. Krimu hizo zikapigwa marufuku pamoja na sketi fupi na mawigi. Nia ilikuwa kulinda utamaduni, lakini twaona palikuwa na kosa. Sketi fupi haimwui mtu, zebaki huua. Wasichana walisumbuliwa mitaani, na sumu haikuelezwa. Jirani yetu mmoja alijichubua kwa siri miaka mingi, akaona haya kwenda kwa daktari mpaka uso ulipojaa mabaka. Alikwisha kukemewa sana, asielimishwe hata siku moja.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliamuru vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni vikomeshwe ifikapo 2020. Hata hivyo sheria pekee haitoshi. Twawaomba walimu na maafisa utamaduni wayaandike mafunzo ya masomo wetu wangali hai, wayapime kwa elimu ya tiba, na wawafundishe vijana, wake kwa waume, kwamba uso huoshwa ili uwe safi, si ili uwe wa mtu mwingine.